Ubeleko wa Riwaya: Swali la Maadili katika Masimulizi ya Utoto, Likipimwa kutoka Mwabungo

Utangulizi

Riwaya ya makuzi ni utanzu uliozoeleka katika fasihi ya Kiswahili, ingawa mara nyingi hatuuiti kwa jina hilo. Ndani yake ipo aina moja ambayo wasomaji huipenda kuliko wahakiki, nayo ni ile inayosimuliwa na mtu mzima anayeugeukia utoto wake na kuuona, kwa umbali wa miaka, kama wakati ambapo kila kitu kilikuwa na nuru yake. Kisima, mwembe, kikohozi cha mzee alfajiri, safari ya kwanza kwenda mjini: mambo haya hupewa humo uzito ambao vita na uchaguzi havipewi. Msomaji hukifunga kitabu akiwa na huzuni tamu, na aghalabu hawezi kueleza ni nini hasa kilichomhuzunisha.

Wahakiki waliolelewa katika mjadala wa tabaka na mwamko wa jamii wamekuwa na shaka na huzuni hiyo, na shaka yao ina msingi. Anayeililia jana huenda asiione dhuluma ya leo, na huenda pia akaifuta dhuluma ya jana yenyewe. Makala haya hayakusudii kuipuuza shaka hiyo. Yanakusudia kuliendea swali lililo nyuma yake, ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la fani: je, ni haki kuutamani utoto, na kuwafanya wasomaji wautamani?

Tutadai kwamba mvuto wa masimulizi haya unatokana na kumbukumbu ya kubebwa. Mtoto hustaajabu kwa kuwa yupo mtu mwingine aliyeubeba uzito wa dunia kwa niaba yake. Kosa la kimaadili, linapotokea, halimo katika shauku yenyewe. Limo katika shauku isiyotaka kugeuka na kuutazama mgongo uliombeba mtoto. Tutaijenga hoja hii kwa riwaya chache za Afrika Mashariki na vitabu viwili vya kulinganishia. Na maadamu swali la maadili halijibiwi hewani, tutaipima hoja katika mahali pamoja: Mwabungo, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, kusini ya Diani katika njia ya kwenda Msambweni.

Shauku ya kale na sababu za mvuto wake

Neno nostaljia lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uswisi, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki: moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu. Kwake yeye huo ulikuwa ugonjwa wa mwili uliowapata watu waliokaa mbali na kwao, na dawa yake ilijulikana: mgonjwa arudishwe nyumbani. Baadaye neno hilo lilihama kutoka mahali kwenda wakati. Mabadiliko haya si madogo. Aliye mbali na kijiji chake anaweza kupanda gari akafika. Aliye mbali na umri wa miaka saba hana gari la kupanda. Riwaya ya utoto huyashika maumivu yote mawili kwa mkono mmoja, kwa kuwa huzungumzia mahali ambapo hata ukifika hutapakuta.

Hekima ya Kiswahili haikuamua upande mmoja katika jambo hili. Husema kwamba ya kale ni dhahabu, kisha ikauliza bila huruma: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hizi mbili hazipatanishwi kwa kuchagua moja. Ya kwanza inazungumzia thamani na ya pili inazungumzia njaa. Masimulizi ya utoto yasiyoisikia methali ya pili huwa ni pambo, na yasiyoisikia ya kwanza huwa ni hesabu ya hasara.

Maelezo mawili hutolewa mara kwa mara kuhusu mvuto wa masimulizi haya. La kwanza ni kwamba msomaji anakimbia taabu za utu uzima. Lakini utoto katika riwaya nyingi zinazopendwa una taabu tele: njaa, msiba, bakora. Msomaji hawezi kusemwa kuwa anakimbilia raha ambayo haimo. La pili ni kwamba mtoto huona kwa mara ya kwanza, na kwa hiyo lugha ya mwandishi hupata upya. Maelezo haya yana kweli zaidi, lakini hayatoshi. Mgeni anayeshuka Diani kutoka Ulaya naye anaiona bahari ile kwa mara ya kwanza, na taarifa zake haziamshi huzuni tunayoizungumzia.

Kinachokosekana kwa mgeni ni kubebwa. Mtoto anaweza kuitazama bahari kama ajabu kwa sababu mtu mwingine anaitazama kama riziki. Anaweza kuusikiliza upepo wa kusi kwa kuwa yupo anayehesabu siku ambazo chombo hakitatoka. Mshangao wake ni faragha ya jicho iliyonunuliwa kwa kazi ya mikono isiyokuwa yake. Tunaposoma na kuhuzunika, tunakumbuka kwamba kuna wakati tulikuwa wazito na hatukuujua uzito wetu.

Asubuhi ya Siku Njema

Hapana riwaya ya Kiswahili kutoka Kenya inayoonyesha mvuto huu waziwazi kuliko Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, ni mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Hamjui baba yake, anafiwa na mama angali mdogo, na hatimaye anavuka mpaka kumtafuta baba huyo katika magharibi ya Kenya. Kwa miaka kadhaa riwaya hii ilifundishwa katika shule za sekondari za Kenya, na Walibora alipofariki Nairobi mwezi Aprili 2020 wasomaji wengi waliomboleza kwa kukitaja kitabu hiki kabla ya kingine chochote. Waliokuwa wakiukumbuka utoto wa Kongowea walikuwa wakiukumbuka pia ujana wao wenyewe, dawatini, kitabu kikiwa kimekunjwa pembe. Hivyo riwaya iliyosimulia shauku ya kale imekuwa yenyewe kitu cha kale kinachotamaniwa.

Anwani yake inatokana na methali isemayo kwamba siku njema huonekana asubuhi. Kwa juu juu methali hii ni utabiri: utoto ni dalili ya maisha yatakayofuata. Lakini ni nani awezaye kuitamka kwa haki? Aliye asubuhi hajui siku itakwendaje. Ni mtu wa jioni pekee anayeweza kugeuka na kusema kwamba asubuhi ile ilikuwa njema. Methali inayojifanya kutazama mbele kumbe hutazama nyuma, na huo ndio usimulizi wa nafsi ya kwanza katika riwaya ya makuzi: jioni inayozungumza kwa sauti ya asubuhi.

Zaidi ya hayo, asubuhi ya Kongowea haikuwa njema kwa kipimo cha kawaida. Ni yatima wa mama, hana jina la baba, na yote haya anayajua mapema. Kinachoiangaza ni sauti ya mama. Zainabu anaimba ili apate kuishi na kumlea mwanawe. Kile ambacho kwa mtoto ni uzuri, kwa mama ni kazi, tena kazi iliyoletewa maneno ya watu. Walibora hakuuficha mgongo. Mshangao wa mtoto unaelekezwa kwa mtu aliyembeba, na huzuni ya msomaji inapata mahali pa kutua. Tunaona hapa kipimo cha kwanza: masimulizi ya utoto huwa na uadilifu pale ambapo ajabu na kazi vinakaa katika mwili mmoja.

Mashtaka dhidi ya utoto mtamu

Mashtaka makali zaidi katika fasihi ya Afrika dhidi ya masimulizi ya aina hii yalitolewa na Mongo Beti wa Kamerun. Camara Laye wa Guinea alipochapisha L'Enfant noir mwaka 1953, Mongo Beti alimjibu mwaka 1955 katika jarida la Présence Africaine akiilaumu fasihi aliyoiona kuwa imepakwa rangi ya waridi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu. Inawezekanaje mtoto akue katika koloni la Ufaransa bila ya ukoloni kuonekana? Ikiwa mwandishi ameamua asiuone, je, uzuri wa kitabu chake si msaada kwa wanaotaka usionekane?

Jibu rahisi ni kwamba mtoto hakuuona na mwandishi amekuwa mwaminifu kwa macho ya mtoto. Jibu hili halitoshi, kwa sababu anayeandika si mtoto. Anajua, na ujuzi wake unaamua kipi kiingie na kipi kiachwe. Lakini mashtaka yenyewe nayo yanaacha jambo. Sehemu inayokumbukwa sana ya kitabu cha Laye ni ile ambapo mtoto anamtazama baba yake, mhunzi na sonara, akiyeyusha dhahabu. Ajabu yote ya kitabu inatoka katika karakana hiyo. Mtoto anastaajabia kazi, na aliye kitovu cha ajabu ni yule anayemlisha.

Tuweke kando yake kitabu kilichotoka mwaka 1959, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kuhusu utoto wa msichana wa Kizungu katika Kenya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni kitabu chenye jicho kali na kejeli nyingi dhidi ya walowezi wenyewe, na kumtuhumu mwandishi kwa wepesi hakufai. Hata hivyo kilitoka hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ikiwa haijaondolewa, katika nchi ambayo ardhi ndiyo ilikuwa sababu ya vita. Mtoto wa kitabu hicho naye amebebwa: mikono inayolima, kupika na kumwongoza farasi ipo katika kila ukurasa. Tofauti ni kwamba masimulizi yanaiweka mikono hiyo pamoja na miti na wanyama, kama sehemu ya mandhari yanayostaajabiwa. Mgongo unaonekana, lakini kama mlima unavyoonekana. Hakuna deni, kwa kuwa hakuna mtu anayeuwiwa mlima.

Mashtaka ya Mongo Beti, basi, yafaa yahamishwe kutoka utamu hadi deni. Swali la kumuuliza mwandishi ni hili: je, utamu wa utoto wako una mwenyewe?

Bustani ya mdai, na wale wasiopewa bustani

Abdulrazak Gurnah amelichukua swali hilo na kulifanya kiini cha riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo tangu mwaka 2022 inasomeka kwa Kiswahili kama Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita mjomba. Si mjomba wake. Baba ana deni, na mtoto ametolewa rehani. Katika nyumba ya tajiri ipo bustani yenye maji na miti ya matunda iliyozungushiwa ukuta, na Yusuf anaipenda kwa mapenzi yote ambayo riwaya za utoto hutufundisha kuyapenda. Msomaji naye anaipenda, kisha anatambua kwamba ajabu hiyo ni mali ya mdai. Gurnah hatuambii kwamba bustani haikuwa nzuri. Anatuachia ugumu wa kujua mambo mawili kwa pamoja: kwamba uzuri ulikuwa kweli, na kwamba bei yake ilikuwa ni mtoto mwenyewe. Katika Peponi aliyebebwa na aliyebebeshwa ni mtu mmoja.

Wapo pia wale ambao riwaya zetu zimewaonyesha kuwa hawakupewa asubuhi yoyote. Katika Nyota ya Rehema (1976) Mohamed Suleiman Mohamed anamchora binti anayebaguliwa katika nyumba ya baba yake mwenyewe hata anaikimbia. Katika Utengano (1980) Said Ahmed Mohamed anamfungia Maimuna ndani ya nyumba ya Bwana Maksuudi, na dunia inamjia kwa kupitia dirishani. Wavulana wa riwaya za makuzi hutembea. Ajabu yao ni ya njia, bandari na masoko. Wasichana hawa hawatembei mpaka watoroke, na wakitoroka huadhibiwa. Shauku ya kale, kwa hiyo, ni mali isiyogawiwa sawa. Aliyewekwa ndani ili akafundishwe kubeba wengine hana utoto mpana wa kuulilia. Uhakiki unaousifu mvuto wa masimulizi haya bila kuuliza ni nani alipewa nafasi ya kustaajabu, unachukua utoto wa ndugu mmoja na kuuita utoto wa nyumba nzima.

Kipimo cha Mwabungo

Tuchukue sasa mahali pamoja tuone hoja inasimamaje. Tukisie riwaya ya makuzi ya mtoto wa Kidigo aliyezaliwa Mwabungo katika miaka ya 1960. Jina la kijiji lenyewe linamkumbusha msemaji wa Kiswahili tunda la bungo, lenye ukali na utamu kwa pamoja, na mwandishi mvivu angeweza kuanzia hapo na kumaliza hapo. Vitu vya kustaajabia havikosekani: maji yanapokupwa wakati wa bamvua na mwamba ukaonekana, mgema juu ya mnazi, msitu wa Kaya Kinondo ulio jirani, ambao mtoto anaambiwa hauingiwi ovyo wala haukatwi kijiti. Kila kimoja ni sura tayari ya kitabu kizuri.

Lakini kila kimoja kina mgongo wake. Mwamba ukionekana, wapo wanaokwenda kutafuta kitoweo, na jioni yupo mama karanga anayekaanga samaki kando ya njia akijua ni kiasi gani anadaiwa na mvuvi. Mnazi una mgema, lakini ardhi iliyo chini yake je? Katika ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wadai milki zao kwa hati, na wengi waliokuwa wakiishi kwa mila walijikuta wakihesabiwa kuwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mtoto wa miaka saba hayajui haya. Anajua tu kwamba baba huzungumza kwa sauti ya chini anapokuja mtu fulani. Utulivu wa ua ambao atauandika baada ya miaka arubaini ulifanywa na sauti hiyo ya chini.

Hata msitu haukujihifadhi wenyewe. Kaya Kinondo, iliyoingizwa mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, imesalia kwa sababu wazee waliweka miiko na wakaishika huku misitu mingine ikikatwa. Leo mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia. Mtoto aliyeuogopa msitu ule aliyaona maajabu, wazee waliyafanya. Mshangao wake ulitunzwa na taasisi ya watu wenye majina, waliokataa fedha ya mbao.

Sasa mtoto huyo ni mzee. Hoteli za Diani, zilizoongezeka tangu miaka ya 1970, zimebadili maana ya ufuo; katika sehemu nyingi njia ya kwenda baharini hupita kati ya kuta. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwezi Agosti 1997 ghasia zilizoanzia Likoni ziliwahamisha watu wengi. Bara kidogo kutoka pwani hiyo, uchimbaji wa madini ya titani ulihamisha familia kutoka mashamba yao. Shehena za kwanza zilitoka mwaka 2014 na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Kwa aliyelima pale ambapo udongo umefukuliwa na kurudishwa, dawa ya Hofer haifanyi kazi, kwa kuwa hata mahali pa kurejea pameondoka.

Je, mzee huyu akiandika kwa shauku atakuwa anawaliwaza wasomaji tu? Hapa ndipo shaka ya wahakiki inapogeuka. Anapoandika kwamba njia ya kwenda pwani ilikuwa wazi na watoto walishuka wakiimba, anatoa ushahidi. Mahali ambapo hati ziliandikwa na wengine, kumbukumbu ya aliyetembea ni hati pia. Shauku yake inasema kwamba kulikuwa na kitu, kwamba kilikuwa cha watu fulani, na kwamba hakikupotea chenyewe. Lakini ushahidi huo unasimama kwa sharti moja: awataje waliokuwepo. Akiandika bahari peke yake, minazi peke yake na mchanga mweupe, atakuwa ameandika kitabu kimoja na vipeperushi vya hoteli, na shauku yake itanunuliwa kwa bei ileile.

Ubeleko

Utamaduni wa pwani umelihifadhi jambo hili katika desturi iliyo wazi kuliko nadharia. Mtoto hubebwa mgongoni kwa mbeleko. Anapoolewa binti, zipo zawadi ambazo mwoaji huwapa wazazi: kilemba kwa baba, mkaja na ubeleko kwa mama. Ubeleko ni nguo ile iliyombeba, ikirudishwa kwa aliyebeba. Tuangalie wakati wake. Hailipwi mtoto akiwa angali mgongoni. Hulipwa siku anapovuka kutoka utoto, yaani siku ileile ambayo riwaya ya makuzi huichukua kuwa kilele chake. Jamii ilifahamu kwamba kukua ni kutambua kuwa ulibebwa, na ikatoa nguo ili utambuzi huo uonekane. Wala haikudai kwamba nguo moja inalipa miaka ile. Ilidai tu isinyamaziwe.

Desturi hii ina mapungufu yake, na uhakiki hauna budi kuyasema. Hulipa kwa ajili ya binti anayetoka, na mlipaji ni mwanamume mwingine. Kwa mtoto wa kiume, ambaye riwaya zetu zimempa njia na bandari zote, hakuna nguo inayorudishwa. Huenda ndiyo sababu wengi wa waandishi wa utoto ni wanaume: wanalipa kwa maneno kile ambacho desturi haikuwadai.

Hitimisho

Tumeuliza kama ni haki kuutamani utoto. Jibu tulilolifikia ni kwamba ni haki kama ilivyo haki kukiri deni, na si haki kama ilivyo si haki kula na kusahau. Siku Njema inaukiri mgongo wa mama mwimbaji. Kitabu cha Laye kinaukiri mgongo wa mhunzi, ingawa hakitaji waliomtawala. Kitabu cha Huxley kinaona migongo na hakioni deni. Peponi inatuonyesha bustani pamoja na daftari la mdai, na kisa cha Rehema na cha Maimuna vinatukumbusha kwamba wengine walibebeshwa kabla ya kubebwa.

Kwa mwanafunzi anayeisoma riwaya ya aina hii, swali la kubeba darasani ni jepesi kulitaja: katika ukurasa huu unaokuliza, ni nani aliyekuwa akifanya kazi? Ikiwa mwandishi amemtaja, tulie naye. Ikiwa hakumtaja, ni wajibu wa mhakiki kumtafuta: mama karanga kando ya njia, mzee wa kaya, baba aliyenong'ona uani. Watu hao hawakuwa mandhari ya utoto wa mtu. Wengi wao walikuwa na utoto wao pia, na bado haujaandikwa.